Sahani Tisa za Gloire

Simu ya Bi Sauda ilinikuta nikikaanga vitunguu. Nilijua mara moja kuna jambo, kwa sababu Bi Sauda hapigi simu mchana. Mchana ana chapati zake jikoni na hataki mtu amsemeshe. "Zubeda, mwanangu," akasema baada ya kuitikia shikamoo yangu, "Mama Gloire ametutoka. Matanga yako Malvern, kwenye ukumbi wa kanisa lao. Njoo, na usije na maua. Maua hayaliwi. Njoo na mchele." Nilizima jiko, nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikalia. Kisha nikajikuta nacheka, kwa sababu Mama Gloire mwenyewe angesema hivyo hivyo kuhusu maua. Siku hizi naishi Newtown, hapa hapa Johannesburg, chumba cha juu ya duka la vitambaa, na kutoka hapo hadi Malvern si mbali, lakini siku ile niliiona njia ndefu. Nilipakata mfuko wangu wa mchele kama mtoto, na kila gari liliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani, nilikuwa nimerudi mwaka 2016, mwaka niliojifunza ubishi wangu una kazi gani duniani.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, mkaidi, na kazi yangu haikuwa na wa kuionea wivu. Maabara moja kule Midrand ilikuwa ikichunguza watoto wadogo wanaoharisha. Walitaka kujua ni bakteria gani walioko tumboni mwao, wanatofautiana vipi kwa vinasaba kutoka mtoto mmoja hadi mwingine, na ni dawa zipi bado zinawaweza. Upande wa Malvern kina mama wengi ni watu wa Kongo na Tanzania, wasiomwelewa mtafiti wa Kiingereza wala wa Kizulu, kwa hiyo nikaajiriwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kugawa vikopo vyenye mfuniko, kuvikusanya vikiwa na choo cha mtoto, kuvipanga kwenye sanduku la barafu na kuvipeleka. Watoto wa mtaa wakaniita Bi Vikopo. Mkuu wa maabara, daktari Thandeka, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno, alinieleza siku ya kwanza kwamba bakteria wanaweza kuwa na jina moja na wasiwe ndugu. Nikamwambia nimeelewa: kwetu Tanga akina Juma ni wengi, lakini kila Juma ana baba yake. Akacheka, na tangu siku hiyo kila nilipoleta sanduku aliniuliza nimeleta akina Juma wangapi.

Uani nilikopanga, hatua chache nyuma ya Jules Street, hapo hapo Malvern, palikuwa na vyumba vilivyogawanywa kwa mbao. Mbao zile zilizuia macho tu. Ukikohoa, jirani anakwambia pole; ukikaanga samaki, wote mnajua ni samaki gani. Upande wa kulia wa chumba changu aliishi Bi Sauda, mtu wa Tanga kama mimi, na mjukuu wake mdogo, Nassoro. Kushoto aliishi Mama Gloire, msusi kutoka Bukavu, na mwanawe wa pekee, Gloire, aliyekuwa ndiyo kwanza anatimiza miaka miwili. Tulikula pamoja bila kualikana. Jioni Bi Sauda anatoa chapati, Mama Gloire anatoa sombe, yule anayeiita kisamvu anakosolewa na yule anayeiita sombe, na mimi ninayepika vibaya nanunua soda kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani. Mama Gloire alikuwa na sauti ya kujaza saluni na moyo wa kwenda nayo. Mwenye nyumba alimwogopa. Kwenye kanisa lao ndiye aliyeitwa kushuhudia wengine wanapoona haya. Mambo ya Mungu aliyasema kama mtu aliyetoka kuzungumza naye dakika ile.

Vikopo vyangu havikupokewa. Kina mama walivichukua kwa adabu, wakavirudisha vitupu kwa adabu ile ile. Watoto wao walikuwa wakiharisha kweli, maana msimu wa mvua ulikuwa umeanza na mfereji wa nyuma ulikuwa umefurika, lakini kila mama alisema wa kwake hajambo. Nikamuuliza Bi Sauda. Alikuwa akisukuma chapati, hakuinua kichwa. "Nywele za mtoto, kucha zake na choo chake havitoki mlangoni, mwanangu. Kwetu vinazikwa. Wewe unataka niviweke kwenye kopo, niandike na namba, nimpe mtu nisiyemjua apeleke nisikokujua? Akivichukua mwenye kijicho, nimlilie nani?" Wakongo nao, pamoja na makanisa yao, walikuwa na hofu hiyo hiyo, wao walimwita mchawi mulozi. Nilihubiri usafi na sayansi mpaka koo likanikauka. Halafu ghafla, katika juma moja, vikopo vikaanza kuja. Vimejaa, vimefunikwa vizuri, kila kimoja na namba yake. Tisa! Nilivipeleka Midrand nikitembea kifua mbele.

Majuma machache baadaye daktari Thandeka aliniita, akaweka picha mezani. Zilikuwa safu za mistari myeusi, mingine minene, mingine myembamba, kama pindo la kikoi. Kila safu ilikuwa alama ya vinasaba vya bakteria kutoka kopo moja. Mistari ya safu zote tisa ilikuwa imepangana bila kupishana hata kidogo. "Unaona Juma wangapi?" akaniuliza, bila kucheka. Nikasema mmoja. Akasema kuna mambo matatu: ama maabara imechanganya, ama watoto wote tisa wameambukizana bakteria mmoja, ama kuna mtu amemdanganya mwenzake. Ubaya ni kwamba bakteria yule alikuwa sugu. Dawa ya maji inayotolewa kliniki haikumfanya lolote, na ya pili pia. Katika dawa zote walizojaribu, moja tu ndiyo iliyomweza, nayo ni ya sindano, ya kupewa hospitali. "Kama kuna mtoto ana huyu tumboni, anaumia sasa hivi," akasema. "Lakini ni mtoto gani? Siwezi kumchoma mtoto sindano kwa choo cha mtoto mwingine. Nimesimamisha matokeo yote ya Malvern mpaka nijue." Nilikasirika. Nilimwambia kina mama wangu si waongo. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya mtu anayeanza kuona huenda amekosea.

Bi Sauda hakunizungusha. Alinimiminia chai ya tangawizi, akanisogezea chapati, akasema, "Wewe ulitaka choo, choo umepata. Sasa unataka na hati yake ya kuzaliwa?" Ndipo akanieleza. Mama Gloire aliwakuta kina mama wameketi na vikopo vyangu mapajani, wanajadiliana jinsi ya kuvitupa bila kuniudhi. Akawacheka. Akawaambia, "Munaogopa bure. Mutoto yangu alisha funikwa na damu ya Yesu, hakuna mulozi atamuweza. Mukamate ya Gloire, muache batoto benu." Na kwa kuwa tumbo la Gloire siku zile lilikuwa halifungi, hakukuwa na uhaba. Kila mama alipita na kopo lake, akachotewa, akashukuru. Hata kopo la Nassoro, lenye namba yake na kila kitu, lilikuwa limempeleka Gloire maabara. Lile halikuwa wizi. Lilikuwa jambo la jirani kumwazima jirani chumvi.

Kilichonikata maini ni kwamba nilijua Gloire bado anaumwa, na nilijua bila kuambiwa. Mama Gloire alikuwa amempeleka kliniki mara mbili, akapewa ile dawa ya maji. Mara ya pili mtoto alipata nafuu kidogo, na Jumapili hiyo mama akasimama mbele ya kanisa zima akashuhudia kwamba mwanawe ameponywa. Tumbo likarudi, na sasa lilikuja na damu. Tangu hapo alimfunika mtoto kwa shuka saluni ili wasione alivyokonda, na kliniki hakurudi tena, maana foleni ya kliniki ilijaa dada wa kanisani. Uani alituambia amepona. Lakini asubuhi iliyofuata, kabla hajatoka, nilimsikia kupitia mbao akiosha nepi, na ile sauti ya kujaza saluni ikiwa imeshuka mpaka chini: "Mungu, wewe unajua haijapona. Usinihaibishe. Basi kama ni kunihaibisha, nihaibishe, lakini muachie mutoto." Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, nikaogopa. Mtoto wa chumba kile hata kulia hakulia tena.

Nilimfuata siku hiyo hiyo. Kwanza nilimpa chupa ya maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari, akaipokea. Kisha nikamwambia kuhusu picha na ile dawa moja. Akamsugua mtoto mgongo. "Gloire alisha pona," akasema. "Nilishuhudia mbele ya kanisa nzima. Unataka niende niseme nini, Da Zubeda, ya kwamba Mungu alisema bongo?" Bongo kwao ni uongo. Nami nikamjibu kwa ule mdomo wangu: "Mungu hakusema kitu, Mama Gloire. Uliyesema ni wewe." Alifunga mlango taratibu, na taratibu ile iliniuma kuliko angeubamiza. Nikampigia daktari Thandeka, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema maneno ya jirani hayatoshi. Anamtaka mama mwenyewe aseme, na mtoto mwenyewe aonekane. Bila hivyo mikono yake imefungwa. Nikamuuliza, je, nikiwaleta? Akauliza kuwaleta kina nani. Nikasema wote, waje waone choo kinakwenda wapi. Akasema utaratibu hauruhusu. Nikasema basi utaratibu na uje Malvern uchote wenyewe. Akasema, "Eish, Zubeda," na nikajua nimeshinda.

Bi Sauda alikubali papo hapo. "Nionyeshe mwisho wake," akasema. "Nikiona kinavyoishia, nitakupa cha Nassoro kwa mkono wangu." Lakini kwenda Midrand, kwenye majengo ya vioo yenye walinzi getini, kina mama wasio na karatasi kamili si jambo la kuamka na kulifanya. Walitaka mtu wa kutangulia, mtu asiyeogopa. Wote wakageuza macho upande mmoja. Sikulipanga hilo, ingawa baadaye wengi walidhani nililipanga. Mama Gloire aliwatazama, akatazama chini, na nikaona jinsi sifa inavyoweza kumfunga mtu kamba. Angekataa, ingembidi aeleze kwa nini. "Twende basi," akasema. Siku ya safari alikuja na kitenge kipya, nywele zimesukwa, na Gloire yuko mgongoni, amefunikwa mpaka kisogoni. Mtoto hakutaka mtu mwingine tena.

Tulivalishwa makoti meupe. Bi Sauda alivaa lake juu ya baibui, akajitazama kwenye kioo, akasema angeolewa tena. Alionyeshwa mashine ya mvuke, pipa la chuma lenye mlango mzito, ambamo kila kopo hupikwa likishamalizika kazi yake, na alikaa pale mpaka akaona mfuko ukiingia na ukitoka umesinyaa. "Mchawi akikitaka hiki," akasema, "basi ameshindwa na maisha." Wengine wakacheka, mabega yakashuka. Kisha daktari Thandeka akatupeleka kwenye meza ndefu. Kwa kuhofia kwamba kosa ni lao, walikuwa wamewakuza upya bakteria wa vile vikopo vyote, na sahani zilikuwa zimepangwa hapo, tisa, ndogo, za mviringo, za kuona ndani. Alieleza pole pole nami nikafasiri. Ule ukungu mweupe ndio bakteria. Vile vikaratasi vidogo vya duara vimelowekwa dawa, kila kimoja dawa yake. Dawa ikiwaweza, huacha uwazi pembeni yake. Isipowaweza, wanaota mpaka ukingoni. Tukainama kutazama. Kwenye kila sahani wameota hadi ukingoni mwa kila karatasi, isipokuwa moja. Pembeni ya ile moja palikuwa na duara safi, kama uga uliofagiliwa mlangoni asubuhi.

Mama Gloire alisogea. Alinyoosha kidole juu ya sahani ya kwanza bila kuigusa. "Hii ni ya nani?" Nikafasiri, daktari akasema hapa kuna namba tu, majina hatuna. "Na hii?" Namba. Akaenda sahani kwa sahani, na kila aliposimama aliitafuta ile karatasi yenye uwazi na kuipata mahali pale pale. Kina mama wenzake walitazama makoti yao. Hakuna aliyemtazama. Alipofika ya mwisho alivuta pumzi, na ile sauti yake ikarudi, yote, ikajaza chumba. "Docteur, usitafute sana. Hii ni Gloire. Na hii ni Gloire. Hizi zote ni Gloire. Ni mutoto yangu, na haijapona. Bale bamama habana kosa, ni miye nilibapatia." Nilifasiri, na sauti yangu ndiyo iliyokatika, si yake. Daktari Thandeka akauliza mtoto mwenyewe yuko wapi. Mama Gloire aligeuka tu, akatupa mgongo, akashusha shuka.

Sitasahau alivyokuwa. Daktari alivua glavu, akanawa, akamfinya kidogo ngozi ya tumbo, na ngozi ikabaki imesimama, ikasita kurudi. Hakutoa hotuba. Alichukua simu, akaanza kuongea haraka Kizulu, na kabla kina mama hawajavua makoti tulikuwa tumeshapata gari la kumpeleka hospitali, na kopo jipya lenye jina kamili lilikuwa limebaki mezani. Lilipochunguzwa, mistari yake iliingia juu ya ile tisa bila kupishana. Akapewa ile dawa moja. Palikuwa na siku mbaya wodini. Kuna moja ambayo Mama Gloire hakuomba kabisa, alikaa tu ameshika unyayo wa mtoto, nami nikakaa naye tukitazama maji ya dripu yakidondoka. Kisha ikaja siku ambayo Bi Sauda alikuja kumtazama, akafungua kitambaa chake ale chapati, na mkono mwembamba ukatoka kitandani ukamnyang'anya. Bi Sauda, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia, alilia kwa sauti mpaka wauguzi wakaja.

Jumapili ya kwanza baada ya kutoka hospitali, Mama Gloire aliniomba nimsindikize kanisani, mimi na mtandio wangu. Alisimama kabla ya kuitwa. "Siku ile nilisema mutoto alipona," akasema. "Haikukuwa kweli. Leo amepona, na nitabaambia kwa njia gani." Akawasimulia sahani zote, hakubakiza hata moja. Wapo waliokunja uso, na kuna mteja mmoja hakurudi tena saluni. Yeye alirudia ushuhuda ule kila mwaka, na kila mwaka alisema Mungu alimpanga mtoto wake mara tisa ili hata kipofu amwone. Sikuwahi kumbishia. Bi Sauda naye alitimiza ahadi, akaniletea kopo la Nassoro kwa mkono wake, na wengine wakafuata. Picha mpya ilipotoka, hakukuwa na safu mbili zilizofanana. Mistari mingine minene juu, mingine minene chini, kila tumbo na ukoo wake. Daktari Thandeka aliitazama muda mrefu. "Sasa hawa ni watoto," akasema. Nimefanya kazi nyingi baada ya ile, zenye heshima zaidi na zisizo na harufu, lakini ukiniuliza ni lini nilijua kwamba naweza kung'ang'ania jambo mpaka likubali, nitakutajia mwaka huo na meza ile.

Ukumbi wa matanga ulikuwa umejaa nilipofika na mchele wangu. Gloire alikuwa mbele, mvulana mrefu sasa, mwenye mabega ya mama yake, amevaa suti iliyomzidi mikono. Kiswahili anakisikia chote ila hujibu Kizulu. Tulipokumbatiana alisema "Auntie" tu, akashindwa kuendelea. Mchungaji, mgeni aliyehamia juzi, alihubiri, kisha akasema, "Batoto ba marehemu basimame, tubaombee." Gloire akasimama. Peke yake, kwenye safu ya viti vitupu, macho chini. Moyo wangu ulichanika. Ndipo nikasikia kiti kikikwaruza nyuma yangu, na sauti ya Bi Sauda, isiyojua kunong'ona: "Na wewe simama." Nassoro akasema kitu kwa Kizulu, kwamba yeye si wa kanisa hili. "Sikukuuliza kanisa. Simama." Akasimama na kofia yake ya viua kichwani. Upande wa pili mama mmoja akamgusa bintiye begani, naye akasimama. Halafu mwingine, karibu na mlango. Wengine wa vile vikopo tisa wamehama, Cape Town, Durban, kwao, lakini waliokuwapo walisogea mbele mmoja mmoja mpaka wakajipanga na Gloire, naye akainua macho akawatazama kulia na kushoto.

Mchungaji alishusha Biblia yake. "Niliambiwa marehemu aliacha mutoto moja," akasema.

Bi Sauda hakuinuka hata kitini. "Maabara ilimhesabia tisa, mchungaji," akasema. "Waliopo ndio hawa. Omba."